Alama Zitoke Mkobani

Katika mjadala wa mageuzi ya elimu Afrika Mashariki kuna hoja moja ambayo siku hizi ni nadra kusikia ikipingwa. Inasema hivi: mtihani wa siku moja unamwonea mtoto, kwa hiyo kazi anazozifanya darasani mwaka mzima nazo zihesabiwe. Zikusanywe kwenye mkoba wa kazi, au potifolio kama wengine wanavyouita, mwalimu azipe alama, alama hizo zipelekwe Baraza la Mitihani, zijumlishwe na za mtihani wa mwisho, na hapo haki itakuwa imetendeka. Hata mzazi anayelalamikia gharama za jambo hili mara nyingi hulalamika akiwa ameshaikubali hoja yenyewe. Nusu yake ya kwanza ni kweli. Ni nusu ya pili ninayoipinga, maana ndiyo inayoiharibu ile ya kwanza. Mkoba wa kazi ni chombo bora kuliko vyote alivyonavyo mwalimu vya kujua mtoto amejifunza nini na amekwama wapi, na ubora huo unakoma siku ile ile alama zake zinapoanza kuamua mtoto ataenda shule gani.

Tutazame kwanza kilichomo ndani. Mkoba uliotunzwa vizuri haujai kazi nzuri tupu. Una insha ya Februari yenye makosa tele, rasimu yake ya pili ikiwa na maandishi mekundu ya mwalimu pembeni, na insha ya Juni ambayo mtoto mwenyewe ameichagua na kueleza kwa sentensi mbili kwa nini anaiona bora. Una hesabu ya sehemu iliyokosewa, hatua zote zikionekana, hivyo mwalimu anaona kwamba mtoto amejumlisha kiasi na kiasi, kisha asili na asili. Kosa la namna hiyo halionekani kwenye mtihani wa kuchagua jibu. Huko kinachoonekana ni kwamba mtoto ametia weusi C badala ya B. Mkoba wa namna hii unafanya kazi kama kadi ya kliniki. Mama huibeba mwezi hadi mwezi, muuguzi hutazama kama mstari wa uzito unapanda au umelala, na ulipolala ndipo mazungumzo yanapoanzia. Kadi inaaminika kwa sababu hakuna anayefaidika kwa kuidanganya. Siku itakapotangazwa kwamba mtoto mwenye kilo nyingi ndiye atakayepewa nafasi katika shule nzuri ya bweni, watoto watapandishwa kwenye mizani wakiwa na mawe mfukoni, na muuguzi atabaki hajui nani ana utapiamlo.

Wanaodhani ninatia chumvi watazame Vermont, jimbo dogo la kaskazini mashariki mwa Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 jimbo hilo liliamua kuwapima wanafunzi wa darasa la nne na la nane, katika hisabati na uandishi, kwa kutumia mikoba ya kazi zao. Mwaka wa masomo wa 1991–92 mpango ulienea jimbo zima. Walimu waliupokea kwa moyo, wakahudhuria mafunzo, wakasahihisha. Taasisi ya utafiti ya RAND ilipewa kazi ya kuutathmini, timu yake ikiongozwa na Daniel Koretz, na swali la kwanza waliloliuliza lilikuwa rahisi: mkoba mmoja ukisomwa na walimu wawili, watakubaliana? Katika kipimo ambacho 1 ni kuafikiana kabisa na 0 ni kubahatisha, wastani wa maafikiano mwaka huo wa kwanza ulikuwa kati ya 0.33 na 0.43. Kwa lugha ya kawaida, alama aliyoipata mtoto ilitegemea sana nani ameushika mkoba wake. Mwaka uliofuata hisabati iliboreka. Uandishi uliendelea kusuasua. Tena kutoafikiana kwa wasahihishaji kulikuwa tatizo jepesi kuliko lingine. Kazi zenyewe hazikuwa sawa: mwalimu huyu aliwapa wanafunzi wake swali gumu la kufikirisha, yule akawapa jepesi, huyu aliruhusu kazi irekebishwe mara nyingi kwa msaada wa mwalimu, wazazi na wenzake, yule akakataza. Utazilinganishaje alama za watoto hao wawili? Hata msahihishaji angekuwa malaika, angekuwa anapima vitu viwili tofauti kwa rula moja.

Lakini ripoti hizo hizo za Vermont zina upande mwingine, ambao wapenzi wa mitihani hawapendi kuusoma na wapenzi wa alama za mkoba hawaelewi maana yake. Walimu walisema wameanza kutumia muda mwingi zaidi kufundisha utatuzi wa matatizo na kuwataka watoto waeleze kwa maandishi njia waliyoifuata. Walimu wakuu walisema mzigo ni mzito lakini una faida. Shule nyingi zikaamua zenyewe kuanzisha mikoba katika madarasa ambayo jimbo halikuyagusa, madarasa ambayo alama zake hazikupelekwa popote. Hapo ndipo pa kusimama kidogo. Kama chombo kile kile kilishindwa kama mizani ya jimbo na kikafaulu kama nyenzo ya kufundishia, basi kosa halikuwa la mkoba. Kosa lilikuwa la kazi uliyotwishwa.

Kentucky, jimbo jingine la huko huko, lilikwenda mbali zaidi. Baada ya sheria yake ya mageuzi ya elimu ya 1990, mikoba ya uandishi iliingizwa katika mfumo uliozipa shule zawadi ya fedha zikipanda na adhabu zikishuka. Haukupita muda mrefu kabla ukaguzi haujagundua shule zilizojipa alama za juu kuliko walizozitoa wasahihishaji wa nje. Mikoba ya hisabati iliachwa ndani ya muongo huo huo. Ya uandishi ikatolewa kwenye hesabu za uwajibikaji mwaka 2009. Uingereza nayo ilipoanzisha mtihani wa GCSE, ambao watahiniwa wake wa kwanza walikuwa wa mwaka 1988, kazi za shuleni zilipewa uzito mkubwa, na kulikuwa na mitaala ya Kiingereza ambayo haikuwa na mtihani wa mwisho kabisa. Serikali ya John Major ikaupunguza uzito huo. Miaka ya 2000 intaneti ilipoingia majumbani, na wazazi wakazoea kuwaandikia watoto, kazi hizo zikahamishiwa darasani chini ya usimamizi. Na mageuzi yaliyoanza 2015 yakaziondoa katika masomo mengi. Nchi yenye walimu wengi kuliko sisi na wakaguzi wengi kuliko sisi ilihangaika na jambo hili kwa karibu miaka thelathini kabla ya kulibwaga.

Nasi hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya 1967, aliulaumu mtihani kwa kupima uwezo wa kukariri na kuacha tabia na utayari wa kutumikia. Azimio la Musoma la 1974 likaitafsiri lawama hiyo kuwa amri: mtihani wa mwisho usiwe peke yake, maendeleo ya mwanafunzi darasani, kazi zake na mwenendo wake navyo vipimwe. Kuanzia 1976 alama za shuleni zikawa nusu ya matokeo ya Kidato cha Nne. Nia ilikuwa safi kama ya hao wa Vermont. Kilichotokea kila aliyepita sekondari Tanzania anakijua. Kwa kuwa alama zilitakiwa na Baraza, zilihitajika namba, na njia ya haraka ya kupata namba ni jaribio. Upimaji endelevu ukawa mitihani endelevu: jaribio la wiki, la mwezi, mtihani wa nusu muhula, wa muhula, wa mwaka, kisha moko. Azimio lililokusudia kupunguza mitihani likaizalisha. Kwingine ambako hata majaribio hayakufanyika, fomu zilijazwa hivyo hivyo, na lugha ya walimu ikajipatia msemo wa kupika alama, unaoeleweka bila ufafanuzi kuanzia Kigoma hadi Tanga. Uzito wa alama za shuleni umekuwa ukibadilishwa tangu wakati huo, lakini dhana ya msingi haijahojiwa: kwamba mwalimu akijua jambo kuhusu mwanafunzi wake, jambo hilo halina thamani mpaka liwe namba na liende Dar es Salaam.

Kenya iliingia njia hiyo kwa mguu mwingine. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa kote 2019, mpango wa awali ulisema tathmini za shuleni za Gredi ya 4, 5 na 6 zitabeba asilimia 60 ya matokeo ya mwisho wa msingi, na mtihani wa taifa asilimia 40. Baadaye hesabu zikapangwa upya. Kundi la kwanza lililofanya mtihani wa mwisho wa sekondari ya chini mwaka 2025 lilipangiwa Gredi ya 10 kwa hesabu hii: asilimia 20 kutoka mtihani wa Gredi ya 6, asilimia 20 kutoka tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8, na asilimia 60 kutoka mtihani wa Gredi ya 9. Kazi za tathmini hutolewa na Baraza la Mitihani, KNEC, mwalimu husahihisha na kupakia alama mtandaoni, na ushahidi hutunzwa shuleni. Lakini ukiwauliza wazazi mkoba wa kazi ni nini, watakuambia ni jalada la plastiki lenye picha za rangi zilizochapishwa saiba. Mtoto anatakiwa kuonyesha anafua soksi: mama anashika simu, anapiga picha, anazituma, analipia uchapishaji, zinabandikwa. Kifaa cha sanaa kinanunuliwa kwa fundi kikiwa tayari, kikavu na chenye rangi. Mtoto wa mzazi mwenye printa ana mkoba mnono; mtoto wa mfanyakazi wa shamba la chai ana mkoba mwembamba. Malalamiko hayo yalifika mahakamani mwaka 2021, na wengi wakayachukulia kuwa ni uvivu wa wazazi. Mimi nayaona kuwa ni akili. Ukimwambia mzazi kwamba karatasi hii itachangia kumpangia mwanawe shule, hatakaa pembeni kumwacha mwanawe akosee. Ni nani angekaa?

Na kukosea ndiko kunakopotea. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha jaribio alilolifanya kwa wanafunzi wa shule za Israeli. Kundi moja lilirudishiwa kazi zenye alama peke yake, la pili maoni ya kuelekeza peke yake, la tatu alama na maoni pamoja. Waliopata maoni peke yake ndio waliopiga hatua. La kushangaza ni lile kundi la tatu: alama ziliyameza maoni, wakawa hawana tofauti kubwa na waliopata alama tupu. Mwalimu yeyote aliyewahi kurudisha daftari anaijua picha hiyo. Mtoto anafungua, anatafuta namba, anachungulia ya jirani yake, anafunga. Sentensi tatu ambazo mwalimu alikesha nazo hazisomwi. Mkoba wenye alama unamfundisha mtoto kuficha rasimu ya kwanza, kuchagua swali jepesi analolimudu, na kuomba msaada mahali ambapo msaada haumfundishi chochote. Mwalimu naye, akijua kwamba alama za darasa lake zitalinganishwa na za shule ya jirani, hana sababu ya kuingiza kwenye mkoba kitu kinachoonyesha kwamba somo lake halikueleweka. Hapo mkoba unageuka kuwa bango la matangazo.

Nitajibiwa kwamba kisichohesabiwa hakifanywi. Ondoa alama, wataniambia, na kesho mikoba itakuwa chakula cha mchwa. Hoja hii inatamkwa kana kwamba ni kanuni ya maumbile, ilhali kila shule ya Afrika Mashariki ina ushahidi wa kuikanusha ndani ya mabegi ya wanafunzi. Daftari la mazoezi halijawahi kupelekwa Baraza la Mitihani. Halina asilimia yoyote katika matokeo ya taifa. Hata hivyo kila siku mamilioni ya watoto huandika ndani yake, mwalimu husahihisha, mwalimu mkuu hulipitia, mdhibiti ubora akifika hulifungua kabla ya kitu kingine. Linatunzwa kwa sababu bila daftari hakuna somo. Mkoba ukiwa sehemu ya kufundisha kwa namna hiyo, utafanywa. Ukiwa ni nyongeza ya kuridhisha ofisi, hata ukipewa asilimia 60 utafanywa kwa namna ya kuridhisha ofisi.

Jibu zito zaidi linatoka Queensland, Australia, na anayelitoa anastahili kusikilizwa. Jimbo hilo lilifuta mitihani ya nje ya sekondari mwanzoni mwa miaka ya 1970, likawapima wanafunzi wake kwa mafaili ya kazi zao yaliyosahihishwa na walimu wao na kupitiwa na majopo ya walimu wa shule nyingine. Mfumo huo ulidumu zaidi ya miaka arobaini. Je, si ushahidi kwamba inawezekana? Ni ushahidi kwamba inawezekana mahali ambapo walimu huachiwa siku nzima za kukaa pamoja kusoma mafaili ya shule nyingine, kubishana na kurudishiana, mwaka baada ya mwaka, kwa mshahara wa serikali. Na hata huko, lilipofika suala la kuwapanga wanafunzi wa shule mbalimbali katika foleni moja ya chuo kikuu, mafaili hayakutosha: kuanzia 1992 ulitumika mtihani mmoja wa pamoja ili alama za shule ziweze kulinganishwa. Kisha mwaka 2020 mitihani ya nje ikarudi, asilimia 50 katika hisabati na sayansi nyingi na asilimia 25 katika masomo mengi mengine. Sitaki kuusimanga mfumo wa Queensland. Ulikuwa wa heshima kuliko mingi. Ninachosema ni kwamba mfano bora kabisa duniani wa mikoba yenye alama haukuweza kutenganishwa na mtihani wa kuzipa alama hizo maana. Atakayeniletea Queensland aniletee na majopo yake.

Inabaki ile nusu ya hoja niliyoikubali, kwamba mtihani wa siku moja unaonea. Mtoto anaamka na malaria, mwingine amefiwa juzi, mwingine amepitia mtaala mzima bila kuona maabara. Haya ni kweli, na hasira inayotokana nayo ni halali. Lakini dawa yake ni kuurekebisha mtihani wenyewe. Apewe mtoto nafasi ya pili ndani ya mwaka huo huo. Maswali ya kutia weusi yapungue na ya kueleza yaongezeke, hata kama usahihishaji utachukua wiki mbili zaidi. Stadi za vitendo zipimwe kwa vitendo, kwa kazi ile ile, muda ule ule, mbele ya msimamizi kutoka nje, kama ilivyofanyika kwa miaka mingi katika fizikia na kemia. Yote hayo yana gharama, lakini gharama hiyo analipa mwenye wajibu wa kulipa, yaani serikali. Alama za mkoba zinaonekana rahisi kwa sababu gharama yake imehamishiwa kwa mwalimu usiku na kwa mzazi saiba. Dhuluma ya mtihani angalau inaonekana wazi na kila mtu anaweza kuilalamikia. Dhuluma ya mkoba imefunikwa na neno zuri.

Kuna wanaosema mjadala wote huu ni wa nchi tajiri, maana mwalimu wa watoto tisini hawezi kutunza mikoba tisini. Kiwango rasmi cha Tanzania kwa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na sote tunajua madarasa yanayokizidisha mara mbili. Wana haki kwa mkoba wenye alama, kwa kuwa huo unadai kila kazi ipimwe kwa vigezo, irekodiwe na itetewe mbele ya mkaguzi. Mkoba usio na alama ni mwepesi. Bahasha ya khaki au gamba la daftari kuukuu linatosha. Mtoto huchagua kazi moja kwa mwezi, anaandika kwa nini ameichagua na nini bado kinamshinda, anairudisha rafuni. Mwalimu hasomi mikoba tisini kwa usiku mmoja. Anakaa na watoto watano kwa siku, dakika tatu kila mmoja, wenzao wakiwa na zoezi, na katika siku kumi na nane za masomo amewamaliza wote. Robo saa kwa siku. Ni kazi, tena inadai nidhamu, lakini haizidi muda unaoliwa leo na kujaza fomu na kungoja mtandao ufunguke. Mwisho wa mwaka mkoba unakwenda na mtoto kwa mwalimu wa darasa linalofuata, ambaye leo humpokea mtoto akiwa hana taarifa nyingine juu yake zaidi ya nafasi aliyoshika.

Kwa hiyo ninachodai si kufutwa kwa mikoba, kama watakavyonisingizia. Nadai iachwe darasani. Ile asilimia 20 ya Gredi ya 7 na 8 ya Kenya ihamishiwe kwenye kazi za vitendo zinazosimamiwa kutoka nje, na walimu waruhusiwe kuacha kupakia namba ambazo wao wenyewe hawaziamini. Tanzania, ambayo mtaala wake mpya ulianza kutumika Januari 2024 na unautaja mkoba wa kazi miongoni mwa zana za upimaji, bado haijauweka kwenye hesabu ya kumpangia mtoto shule. Ibaki hapo hapo. Shinikizo la kuuweka litakuja, kwa jina la haki, na litaletwa na watu wenye nia njema kama waliolileta mwaka 1974.